Héritier Lumumba: jina la Kongo katika mpira wa Australia

Wasomaji wetu wa Ituri, wengi wenu mna ndugu waliovuka Ziwa Albert kukimbilia Uganda. Wakongomani wenzetu waliopitia kambi kama hizo wamepelekwa kuishi mpaka Australia. Huko watoto wao wanakuta mpira usiofanana na huu wetu. Leo tunaleta historia ya mchezaji wa mpira huo mwenye damu ya Kongo.

Kwanza mchezo wenyewe. Uwanja una umbo la yai, na mpira vilevile. Kila ekipe ina wachezaji 18 uwanjani. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Kuurusha ni kosa. Kila upande una milingoti minne: ukiupitisha kwa mguu kati ya miwili mirefu ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1.

Héritier Lumumba alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1986, mama Mbrazili, baba mwenye asili ya Kongo. Alikulia Perth, Australia, akijulikana kama Harry O'Brien, kwa jina la baba yake wa kambo. Mwaka 2005 alianza kuchezea Collingwood, ekipe kubwa ya mji wa Melbourne. Alikuwa beki.

Mwaka 2010, chini ya kocha Mick Malthouse, alitwaa ubingwa. Fainali na St Kilda iliisha sare, 68 kwa 68. Ikarudiwa wiki iliyofuata, Collingwood ikashinda 108 kwa 52. Mwaka huohuo alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Australia nzima.

Lakini baadaye alieleza kwamba, katika miaka hiyo ya sifa, wenzake walimwita kwa jina la sokwe, na watu wakaona ni utani tu. Mei 2013 rais wa Collingwood, Eddie McGuire, alimtaja redioni Adam Goodes, mchezaji mzalendo mweusi wa Australia, akimhusisha na King Kong, gorila wa sinema. McGuire aliomba radhi, lakini Lumumba alimpinga rais wake hadharani. Mwisho wa mwaka huo akarudia jina lake la kuzaliwa, akaacha lile la O'Brien.

Mwaka 2014 ulipoisha alihamia klabu ya Melbourne, na 2016 akastaafu kwa sababu ya majeraha ya kichwa. Alikuwa amecheza mechi 223, kati yake 199 za Collingwood.

Hakunyamaza. Mwaka 2020 alirudia malalamiko yake, na klabu ikaagiza uchunguzi. Ripoti iliyojulikana Februari 2021 ilisema wazi: ndani ya Collingwood ubaguzi ulikuwa umeota mizizi. McGuire aliiita siku hiyo ya fahari. Watu wakakasirika, naye akajiuzulu siku chache baadaye. Wachezaji wa klabu wakaandika barua ya wazi kuomba radhi.

Héritier maana yake ni mrithi, na huku kwetu vijana wengi wanaitwa hivyo. Sisi wa Ituri tunajua pia neno la kudharau kabila la mwenzako linaweza kufika wapi. Kocha anayefundisha vijana, akisikia jina la matusi uwanjani, asiseme ni mchezo tu. Asimamishe mazoezi papo hapo, na kijana aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake.