Mazoezi: Jinsi ya kudumu hamu inapofifia

KUANZA kufanya mazoezi si jambo gumu. Ugumu hujitokeza katika juma la tatu au la nne, miguu inapouma, mvua inaponyesha na ile ari ya siku ya kwanza inapokuwa imetoweka.

Mjini Kisumu, hali hii hudhihirika kila mwanzo wa mwaka. Alfajiri za Januari, watu waliovaa raba mpya huonekana wakikimbia katika barabara za Milimani na zile zielekeazo Dunga. Masika yanapoingia mwezi Machi, wengi wao huwa wamekwisha kurejea kitandani.

Mtu wa aina hiyo hujilaumu kwamba ni mvivu. Yamkini kosa lake ni jingine: aliitegemea hamu, ilhali hamu huja na kuondoka kama upepo wa ziwa. Anayedumu katika mazoezi si yule mwenye hamu kila siku, bali ni yule aliyejiwekea utaratibu unaomtoa nyumbani hata siku asiyotaka kutoka.

Kazi iliyokuwa mazoezi

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kutenga saa maalumu ya mazoezi ni desturi ngeni kwa kiasi fulani. Kwa vizazi vingi, kazi yenyewe ilikuwa mazoezi. Wavuvi wa Mbita na Homa Bay walipiga makasia na kuvuta nyavu, nao wanawake walibeba samaki vichwani hadi sokoni na kulima mashamba kwa jembe la mkono.

Hata usafiri wa mjini ulidai nguvu za mwili. Kisumu ulikuwa mji wa baiskeli, na mwendeshaji wa boda boda alikanyaga pedali tangu asubuhi hadi jioni akiwa na abiria nyuma yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki na tuktuk zimechukua kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha sura mbili za jambo hili. Kwa upande mmoja, ni watu wazima wapatao saba tu kati ya kila 100 nchini Kenya ambao hawakufikisha kiwango cha shughuli za mwili kinachopendekezwa. Kwa upande mwingine, asilimia 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na karibu robo walikuwa na shinikizo la juu la damu.

Wakenya wengi hupata mazoezi kwa kutembea na kwa kazi za sulubu, si kwa kupanga. Siku mtu anapopata kazi ya ofisini, anapofungua duka au anaponunua gari, mazoezi hayo humponyoka bila ya yeye kujua, wala chakula mezani hakipungui. Kuanzia hapo, ni sharti akipange kile alichokuwa akikipata bila kupanga.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au yale mazito kwa dakika 75 hadi 150. Aidha, linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Dakika 150 ni sawa na kutembea haraka kwa nusu saa, siku tano kwa wiki. Kipimo chepesi cha mazoezi ya wastani ni hiki: unaweza kuzungumza na mwenzako ukiwa njiani, lakini huwezi kuimba.

Weka lengo la kutenda

Malengo mengi hufa kwa sababu yamewekwa mahali ambapo mtu hana mamlaka. Anayesema "nitapunguza kilo 10" hawezi kuiamuru mizani. Hupita wiki mbili za jasho bila ya kuona tofauti kubwa, akavunjika moyo.

Ni afadhali kuweka lengo la tendo lenyewe: "Nitatembea dakika 20 kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Jioni ikifika, jibu ni ndiyo au la. Lengo hilo likishazoeleka, ongeza dakika tano, kisha ongeza siku.

Kadhalika, tafuta kipimo kingine zaidi ya uzito. Shinikizo la damu huweza kushuka kwa mazoezi ya mara kwa mara hata kabla ya mwili kupungua. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa vifaa vya kazi, vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari, vipimo hivyo vimesogezwa karibu na nyumbani kwa Wakenya wengi. Anayepima kila baada ya miezi michache na kuandika matokeo huona faida ambayo kioo hakiionyeshi.

Siku 66 na mvua ya Machi

Je, huchukua muda gani mazoezi kuwa mazoea? Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani, tabia ilichukua siku 66 kabla ya kuwa jambo la kufanywa bila ya kujilazimisha. Hata hivyo, tofauti zilikuwa kubwa: makadirio yalikuwa kati ya siku 18 na siku 254.

Anayeanza Januari mosi huifikia siku ya 66 wiki ya kwanza ya Machi, wakati hasa masika yanapobisha hodi katika kanda ya ziwa. Yaani mvua humkuta akiwa ukingoni mwa kuzoea, au akiwa bado hajazoea kabisa.

Kwa hiyo, andaa mpango wa siku ya mvua mapema. Kuruka kamba chini ya veranda, kupanda na kushuka ngazi, kupiga pushapu, na kuchuchumaa na kusimama mara kadhaa ni mazoezi yasiyohitaji uwanja wala ada ya jimu.

Saa isiyobadilika

Kisumu uko karibu sana na Ikweta, ambayo hupita Maseno, safari fupi kutoka mjini. Kwa sababu hiyo, jua huchomoza kati ya takriban saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro asubuhi mwaka mzima. Mkazi wa Ulaya hulazimika kubadilisha ratiba yake giza la majira ya baridi linapoingia. Mkazi wa Kisumu anaweza kuchagua saa moja na kuishika Januari hadi Desemba.

Asubuhi ndiyo inayofaa zaidi kwa wengi. Adhuhuri joto hukaribia nyuzi 30, na katika misimu ya mvua, mawingu mara nyingi hukusanyika alasiri na kuleta radi na ngurumo jioni. Asiye na nafasi asubuhi ayaunganishe mazoezi na jambo analolifanya kila siku, kwa mfano kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani na kumalizia safari kwa miguu.

Weka nguo na viatu tayari usiku. Mtu anayeanza kutafuta soksi alfajiri amekwisha kujipa sababu ya kurudi kulala.

Chagua mahali salama

Ufuo wa ziwa unavutia, lakini una hatari zake. Viboko hutoka majini kula nyasi usiku na huweza kukutwa nchi kavu machweo na alfajiri. Maeneo ya Hippo Point na Dunga yanafaa kutembelewa kukiwa na mwanga kamili, na mtu asisimame kati ya kiboko na maji.

Kuogelea ziwani si mazoezi ya kupendekezwa. Konokono wa majini hueneza vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya kwenye ngozi. Anayetaka kuogelea atafute kidimbwi kinachotunzwa. Vilevile, mbu waenezao malaria huuma hadi alfajiri, hivyo anayetoka kabla ya mapambazuko avae nguo za kufunika mikono na miguu.

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kuzamisha sehemu nyingi za ufuo, Dunga ikiwemo. Mwenye njia moja tu ya mazoezi huipoteza njia na mazoezi kwa pamoja. Kuwa na njia mbili au tatu.

Usiende peke yako

Kutoka Kisumu, milima ya Nandi huonekana upande wa mashariki. Katika nyanda hizo za juu ndiko alikozaliwa Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna Oktoba 12, 2019. Bingwa huyo amekuwa akifanya mazoezi katika kundi na kuandika daftarini kila zoezi analolifanya. Ikiwa mtu mwenye kipaji kama chake huhitaji wenzake na daftari, sembuse karani au mwenye duka?

Wakazi wa mwambao tayari wana chombo kinachofaa kwa kazi hii, nacho ni chama. Wanachama hukutana siku maalumu, huandika mahudhurio na hutoza faini anayekosa. Watu watano wanaoishi mtaa mmoja, uwe Nyalenda, Manyatta au Kondele, wanaweza kutembea pamoja kwa sheria hizo hizo. Asiyeogopa kuivunja ahadi aliyojiwekea mwenyewe huona haya kuwaacha wenzake wakimsubiri langoni.

Daftari nalo si lazima liwe la kitaalamu. Tarehe, dakika na neno moja kuhusu ulivyojihisi vinatosha.

Utaratibu unapokatika

Hakuna anayefanya mazoezi mwaka mzima bila ya kukatizwa. Malaria itakuja. Kutakuwa na safari ya matanga itakayomaliza Ijumaa na Jumamosi nzima. Watafiti wale wa London waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ujenzi wa tabia.

Kinachoua mazoezi ni fikira kwamba kwa kuwa siku moja imeharibika, mwezi mzima umeharibika. Shika kanuni hii: usikose mara mbili mfululizo iwapo u mzima. Ukiwa mgonjwa mwenye homa, pumzika hadi upone, kisha rejea kwa nusu ya kiwango cha awali na upande polepole.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, na hata aliyekaa miaka mingi bila ya mazoezi, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida ni ishara za kusimama papo hapo na kutafuta matibabu. Hizo si nyakati za kujikaza.

Siku nyingine zote, haba na haba hujaza kibaba. Kesho asubuhi ukiamka ukakuta hamu haipo, vaa viatu utoke kwa dakika 10 tu. Ukiona bado mwili unakataa, geuka urudi nyumbani, kisha uziandike dakika hizo daftarini. Siku hiyo nayo imehesabiwa.