Kusikiliza Moyo katika Nchi ya Mbulu: Habari za Ala Zivaliwazo Mwilini katika Uuguzi wa Wazazi na Watoto Wachanga

Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, na kabla ya hapo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, zajulikana sana kwa wataalamu wa lugha. Ni mahali pa nadra katika Afrika ambapo jamaa nne za lugha zimekutana na kukaa jirani: Kiiraqw, ambacho ni cha jamaa ya Kikushi, Kidatoga cha jamaa ya Kinailoti, Kiiramba, Kiisanzu na Kinyaturu za jamaa ya Kibantu, na Kihadza, lugha yenye sauti za kidoko ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Lakini nchi hiyo ina habari nyingine isiyojulikana sana miongoni mwa wasomi wa Kiswahili, nayo ni habari ya ala ndogo zinazovaliwa mwilini ili kupima moyo. Mojawapo ya ala hizo yaitwa kwa neno la Kiswahili, na mengi yanayojulikana juu yake yalijifunzwa katika wodi ya wazazi ya Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, katika pori la Mbulu ambako barabara zilikuwa chache na ndorobo wengi. Mwaka 1961 alifika hapo daktari Mnorwei, Ole Halgrim Evjen Olsen, akaitumikia hospitali hiyo kwa miongo mingi. Baadaye ilipita mikononi mwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wanaofika hapo ni watu wa lugha zote zilizotajwa, na wengi wao wametembea mwendo mrefu. Kwa hiyo mama ambaye uchungu umemshika huweza kulala kitandani karibu na mwenzake wasiyeelewana lugha, na mkunga huwasemesha wote wawili kwa Kiswahili, au kwa njia ya jamaa anayewatafsiria.

Ili kufahamu mabadiliko yaliyotokea, yafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1821 tabibu Mfaransa, Lejumeau de Kergaradec, alieleza mbele ya wataalamu wa Paris jinsi alivyosikia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kutumia chombo cha kusikilizia kilichobuniwa na Laennec miaka michache kabla yake. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, alitengeneza pembe fupi iliyo pana upande mmoja: upande huo huwekwa juu ya tumbo la mama, na mkunga huweka sikio lake upande wa pili. Pembe hiyo ilienea duniani kote. Haihitaji umeme, haiharibiki upesi, na bei yake ni ndogo. Mpaka leo haijatoka katika mikono ya wakunga wa Tanzania.

Hata hivyo, pembe ya Pinard ina upungufu wa aina tatu. Kwanza, hutaka utulivu na sikio lililozoea. Pili, husikika na mtu mmoja tu. Mama mwenyewe hasikii kitu, hana budi kuamini anachoambiwa. Tatu, husikiliza kwa vipindi. Kanuni husema kwamba moyo wa mtoto usikilizwe walau kila nusu saa uchungu unapokuwa umekolea, lakini mkunga mwenye wazazi wengi usiku mmoja hawezi kuwafikia wote kwa wakati. Moyo wa mtoto hupiga kwa kawaida kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Ukipungua au ukizidi mno baada ya mkunga kuondoka, hapana ajuaye mpaka arudi.

Wazo la kumvalisha mgonjwa chombo cha kupimia halikuanzia katika uzazi. Lilianza kwa Mmarekani Norman Holter wa Montana, ambaye katika miaka ya 1940 alitengeneza mtambo wa kurekodi umeme wa moyo wa mtu anayetembea. Mtambo wa kwanza ulibebwa mgongoni kama mzigo, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 38. Kufikia mwaka 1961, Holter alipoeleza kazi yake katika jarida la Science, chombo kilikuwa kimepungua hata kikaweza kubebwa bila taabu. Maana ya jambo hilo ilikuwa kubwa kuliko chombo chenyewe: kwa mara ya kwanza tabibu aliweza kujua yaliyoupata moyo wakati yeye hayupo.

Huko Haydom utafiti haukuanza na ala. Ulianza na macho na saa. Tangu mwaka 2009, chini ya uongozi wa daktari Hege Ersdal wa Stavanger pamoja na wenzake wa Haydom na Muhimbili, waliajiriwa watu wa hapo hapo wasio wauguzi, wakafundishwa kukaa zamu usiku na mchana, kutazama kila uzazi na kuandika kila tendo lilifanyika katika sekunde ya ngapi. Kutokana na uzazi 5,845 ulioandikwa hivyo, ilionekana mwaka 2012 kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Huo ndio msingi wa yote yaliyofuata. Mara jambo linapopimwa kwa sekunde, chombo kinachojibu baada ya dakika nzima huwa kimechelewa.

Jambo la pili lililogunduliwa lilikuwa la kuwatia watu unyenyekevu. Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko kwanza. Lakini walipotazamwa katika chumba cha uzazi, kazi yao ilikuwa haijabadilika. Ndipo ukabuniwa utaratibu mwingine: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha uzazi. Baada ya hayo, kama alivyoandika Estomih Mduma na wenzake mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Katika tendo hilo hapakuwa na mtambo mpya. Palikuwa na mazoea mapya ya mikono.

Ni baada ya somo hilo ndipo ala zivaliwazo zilipoingia. Ile ya kwanza yaitwa Moyo, nayo ilitengenezwa na Laerdal ya Stavanger na kujaribiwa Tanzania. Ndani yake mna fuwele tisa zinazotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la mtu na kuyapokea yanaporudi. Kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842, mawimbi yanayorudi kutoka kwa kitu kinachotikisika hubadilika, na kutokana na mabadiliko hayo hesabu ya mapigo hupatikana. Ala hufungwa tumboni kwa mkanda, nayo huweza kukaa hapo muda wote wa uchungu. Hesabu huonekana kwa tarakimu, na mapigo yakitoka katika mpaka wake ala hupiga kelele. Kwa kuwa pengine moyo wa mama hudhaniwa kuwa wa mtoto, pana mahali mama anapogusa kwa vidole ili mapigo yake mwenyewe yapimwe na kutofautishwa.

Majaribio ya Haydom yaliyoongozwa na Paschal Mdoe, na yale ya Dar es Salaam yaliyoongozwa na Benjamin Kamala, yalionyesha mwaka 2018 kwamba ala hiyo iligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza kwa vipindi. Lakini jaribio la Haydom halikuonyesha tofauti ya hakika katika vifo vya watoto. Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa kushindwa. Kugundua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkono wa kutenda, chumba cha upasuaji kilicho tayari, na damu ya kuongezwa. Kelele ya ala isiyejibiwa na mtu haimwokoi mtoto.

Hata hivyo pana badiliko moja lisilopimwa kwa hesabu ya vifo. Wazazi walioulizwa Dar es Salaam walisema kwamba walifarijika kusikia moyo wa mtoto, na wengine walitaka waelezwe zaidi maana ya tarakimu walizoziona. Tangu siku za Pinard habari ya moyo ilikuwa mali ya sikio la mkunga. Sasa mama huisikia pamoja naye, na akisikia huuliza. Na anayeuliza hustahili kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Ala ya pili ni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Katika utafiti wa Haydom watoto waliopuliziwa hewa walivishwa kifuani kipimo cha umeme wa moyo kisichohitaji gundi wala maji, na hewa waliyopewa ikapimwa pia, hata ikaonekana jinsi moyo unavyoitikia kila pumzi. Kutokana na elimu ya namna hiyo ilitoka ala iitwayo NeoBeat, yenye umbo la pete iliyokatwa, ambayo hubana kiwiliwili cha mtoto na kuonyesha mapigo katika muda wa sekunde chache. Umuhimu wake ni huu: mtoto asiyelia wala kutikisika huweza kudhaniwa kuwa mfu, ilhali moyo wake ungali ukipiga. Kati ya kuandikwa katika daftari kuwa amezaliwa mfu na kupuliziwa hewa, pana tarakimu moja tu.

Haifai kuiacha wilaya hiyo bila kuwataja Wahadza wa bonde la Yaeda na kandokando ya ziwa Eyasi, maana nao wamevishwa ala, ingawa kwa kusudi lingine. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2012 walibeba vyombo vya kupima mwendo, ikapatikana kwamba wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Mwaka 2017 watu wazima 33 walivaa saa za kupima usingizi kwa siku 20, na katika muda huo wote walilala wote kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Daima palikuwa na mtu aliye macho. Elimu hiyo yasomwa duniani kote. Lakini tofauti ni dhahiri: mama wa Haydom huvaa ala kwa faida ya mtoto wake, na Mhadza huvaa saa ili wengine wajifunze. Kwa hiyo deni la mtafiti kwa huyu wa pili ni kubwa zaidi.

Mwisho wa habari hii, kwa kadiri ulivyofikia, ni mpango uliounganisha yote: ala za kupima moyo, mazoezi ya mara kwa mara, na daftari la kujihesabia matokeo. Ulienezwa kati ya mwaka 2021 na 2023 katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Katika nchi hiyo kuvaa kitu mwilini kwa ajili ya afya si jambo geni. Hirizi na shanga zilivaliwa kabla ya hospitali kujengwa. Tofauti ni kwamba hirizi huaminiwa kuwa inalinda, na ala hii hailindi: hushuhudia tu. Ulinzi umebaki kwa mkunga anayeusikia ushuhuda huo akainuka.