Zimwi Likujualo: Kwa Nini Tunampenda Jamaa Mbaya

Wacha niseme ukweli kabla hamjanianika: Shadow and Bone ilipotoka 2021, mimi sikuwa timu ya Mal. Nilikuwa timu ya Darkling. Jamaa ameishi mamia ya miaka, ameua watu bila hesabu, na mimi niko hapo saa nane usiku naomba Alina amsamehe. Kesho yake rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Kwani nyinyi wasichana hupendea nini watu wa kuwaumiza?"

Swali hilo huulizwa kana kwamba huu ni ugonjwa wa kizazi chetu, eti simu zimetuharibu. Zii. Hii stori ni ya kale sana, na haikuanza kama stori ya mapenzi.

Anza na Wagiriki wa kale. Persephone anachuma maua, Hades anatokea na gari lake la farasi na kumnyakua hadi kuzimu. Msichana hakuulizwa, baba yake, Zeus, alikuwa ameshakubali. Mama yake, Demeter, anamtafuta kwa machozi mpaka mimea inakataa kuota. Mwishowe binti anarudi, lakini kwa sababu alionja komamanga la kuzimu, kila mwaka lazima arudi huko kwa muda. Mapenzi yako wapi hapo? Ninachoona ni binti aliyeozwa bila kuulizwa. Hao wawili tunaowapenda kwenye Lore Olympus, katuni iliyoanza mtandaoni 2018, ni kazi ya wasimulizi wa juzi.

Sasa twende Ufaransa, 1740. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve anachapisha hadithi ya Mrembo na Mnyama. Kwake, kila usiku Mnyama anamuuliza msichana kama atalala naye. Mwaka wa 1756, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, aliyekuwa mwalimu wa wasichana kule London, anaifupisha kwa ajili ya vijana, na swali linakuwa kama atakubali kuolewa. Kumbuka wasichana wa familia kama hizo walichaguliwa waume na wazazi. Ni kama hadithi inawatuliza: usiogope, pengine huyo mgeni ana moyo. Lakini pia iliwapa kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, nafasi ya kusema la. Mnyama anauliza, anakataliwa, anaenda zake kulala. Kesho anauliza tena. Na Mrembo anapotamani kumwona baba yake, anaruhusiwa kwenda. Anampenda Mnyama baada ya lango kufunguliwa, akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Hata huku kwetu ipo. Wakikuyu wana hadithi za irimũ, zimwi linalojigeuza kijana mtanashati. Msichana anamwona kwenye ngoma, anapagawa, anamfuata kwao. Katika baadhi ya masimulizi, jamaa ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Shosho aliyesimulia hivi hakuwa anamcheka msichana kwa kupenda. Alikuwa anamwambia: kabla ya kufuata uso, zunguka uangalie na nyuma.

Ukiziweka hizi stori pamoja, utaona swali halijawahi kuwa kama msichana anampenda jamaa mbaya. Moyo ni moyo, unaweza kumpenda mtu na kumwogopa siku hiyohiyo. Swali ni moja: mlango uko wazi? Kuzimu, ulifungwa. Kwa Mnyama, ulifunguliwa.

Ndiyo maana nilirudi kwa Darkling kwa macho mengine. Anamwambia Alina maneno matamu, kisha anamvisha shingoni pembe za kulungu ili nguvu zake zitii amri ya mwingine. Hapo mlango umefungwa, hata kama jamaa ana sura ya kuua. Na Leigh Bardugo, mwandishi wa vitabu hivyo, hakumfanya Alina mjinga. Katika kitabu cha tatu cha 2014 (samahani kama hujafika), anamuua kwa mkono wake mwenyewe, na bado inamuuma. Alihisi kitu kwa kweli, na bado akachagua kuwa huru.

Kwa nini naandika haya? Kwa sababu tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine, wakiandamana kupinga mauaji ya wanawake. Na kila habari kama hizo zikitoka, utasikia mtu anauliza: kwani hakuona dalili? Kwa nini hakuondoka? Kana kwamba kupenda ndilo kosa, na si yule aliyefunga mlango.

Wazee walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tumeambiwa methali hiyo tuvumilie: huyu angalau unamjua. Lakini isome tena polepole. Halikumalizi, sawa. Ila linakula.

Kwa hivyo mimi bado nasoma hizi stori, na bado nitampenda jamaa mbaya mwenye macho ya huzuni. Lakini nikiwa na mtu wa kweli, nitaangalia kwanza kitu kimoja: siku nikisema naenda nyumbani, atafanya nini?

Wewe je, huyo unayempenda, mlango wake uko wazi?