Vipimo vya mimba vya nyumbani: Asilimia 99 ya nini?

Pakiti nyingi za vipimo vya mimba vinavyouzwa katika maduka ya dawa hubeba ahadi moja: usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Ahadi hiyo si ya uongo, lakini ilipatikana maabara, ambako kipimo huchovywa katika mkojo wenye kiwango cha homoni kinachojulikana. Mwanamke anayejifungia msalani alfajiri akiwa na kijiti mkononi hana uhakika huo. Jibu atakalopata hutegemea zaidi siku aliyoichagua kupima kuliko ubora wa kijiti chenyewe.

Kinachotafutwa na kipimo ni homoni iitwayo hCG. Homoni hiyo huanza kutengenezwa pale yai lililorutubishwa linapojipandikiza katika ukuta wa mji wa mimba, jambo ambalo halitokei siku ya tendo la ndoa wala siku ya kurutubishwa kwa yai. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka katika ovari. Kabla ya hapo hakuna kipimo cha mkojo, kiwe cha bei nafuu au cha ghali, kitakachoona chochote, kwa kuwa hakuna cha kuonwa.

Baada ya hapo homoni huongezeka kwa kasi, takriban maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3 katika majuma ya mwanzo. Vipimo vingi vya kawaida huhitaji kiwango cha mIU 25 katika kila mililita ya mkojo ili vioneshe mstari wa pili. Kwa hiyo mwanamke mwenye mIU 8 siku ya Jumatatu ataambiwa hana mimba, na Jumamosi kipimo cha aina ileile kinaweza kumwambia kwamba anayo. Vyote viwili vimefanya kazi yake sawasawa.

Kikomo kilichowekwa na maumbile

Mwaka 2001, mtafiti wa Marekani Allen Wilcox na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA matokeo ya uchunguzi uliowafuatilia wanawake wa North Carolina waliokuwa wakitafuta ujauzito. Walibaini kwamba katika siku ya kwanza ambayo hedhi ilitarajiwa, takriban mimba 1 kati ya 10 ilikuwa bado haijajipandikiza. Maana yake ni kwamba hata kipimo kisicho na dosari yoyote kisingeweza kugundua zaidi ya asilimia 90 ya mimba siku hiyo. Juma moja baadaye, kiwango hicho kilifika asilimia 97.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ushauri wa kusubiri juma moja baada ya hedhi kuchelewa, au kurudia kipimo endapo jibu ni hasi na hedhi bado haijaonekana. Ushauri huo, hata hivyo, unamdhania mwanamke anayejua tarehe zake. Anayenyonyesha, aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango hivi karibuni au ambaye hedhi yake haina mpangilio hawezi kusema imechelewa kwa siku ngapi. Kwa wanawake kama hao, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, inashauri kupima angalau siku 21 baada ya tendo la ndoa la mwisho lisilo na kinga.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi hupendekezwa kwa sababu umekolea. Kunywa maji mengi ili kupata mkojo wa kupima ni kujidanganya, kwani maji hayo huizimua homoni inayotafutwa. Kipimo kilichopitwa na muda wa matumizi, au kilichokaa nje ya kifuko chake katika joto na unyevunyevu, hakiaminiki. Aidha, mstari wa udhibiti, ambao katika vipimo vingi huwekewa herufi C, usipojitokeza, hakuna jibu lolote la kusoma.

Mstari hafifu

Mstari wa pili uliojitokeza ndani ya muda ulioandikwa katika maelekezo, hata ukiwa hafifu, kwa kawaida huashiria mimba. Ule unaoonekana baada ya kijiti kuachwa mezani kwa saa kadhaa mara nyingi ni alama tu ya mkojo uliokauka.

Hutokea pia kwamba mstari halisi ukafuatwa na hedhi siku chache baadaye. Wengi hukilaumu kipimo, ilhali mara nyingi kilisema kweli: mimba ilitunga, ikaharibika mapema. Vipimo vinavyonasa kiwango kidogo cha homoni vimewapa wanawake wa leo taarifa ya huzuni ambayo mama zao wangeichukulia kama hedhi iliyochelewa kidogo.

Jibu chanya lisilo na mimba ni nadra. Linaweza kupatikana majuma kadhaa baada ya mimba kuharibika au baada ya kujifungua, kwa kuwa homoni huchukua muda kuisha mwilini. Kwa wanaochomwa sindano za hCG katika matibabu ya ugumba. Na mara chache kutokana na uvimbe fulani. Dawa za kawaida za kuua bakteria na vidonge vya kuzuia mimba havibadilishi jibu.

Ama chumvi, sukari na dawa ya meno, ambazo hutajwa sana katika mitandao ya kijamii kuwa mbadala wa kipimo, hazina uhusiano wowote na hCG. Hata chura wa Afrika Kusini aliyetumiwa hospitalini katika nchi kadhaa tangu miaka ya 1930, ambaye alidungwa mkojo wa mwanamke na kutaga mayai iwapo mwanamke huyo ni mjamzito, alikuwa akiitikia homoni yenyewe.

Jambo ambalo kijiti hakiwezi kusema kamwe ni mahali mimba ilipo. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi katika mrija wa uzazi, nayo hutoa hCG na huleta mistari miwili kama mimba nyingine. Wakati mwingine homoni yake huongezeka polepole, na kipimo cha mapema kikatoa jibu hasi. Mrija ukipasuka, mwanamke anaweza kupoteza maisha kwa kuvuja damu ndani ya tumbo. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kutokwa damu kusiko kwa kawaida, maumivu ya ncha ya bega au kuzirai kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, ambako kipimo cha damu na utrasaundi vitatumika, haidhuru kijiti kimeonesha mstari mmoja au miwili.