Namba Tasa na Jaribio la 4,294,967,297

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Mwanafunzi wa shule ya msingi huandika 2, 3, 5, 7, 11, akaridhika. Kwa namba ndogo fasili hiyo haisumbui. Uzito wake huonekana kwenye namba kama 4,294,967,297.

Namba hii ni 2 yenye kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza zilizotangulia za aina yake, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, naye akaamini kuwa zinazofuata zitakuwa tasa vilevile. Kwa kuitazama tu, utakubaliana naye. Inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri, na 5 haiigawi. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, basi 3 nayo haiigawi. Anayetaka kuihakiki kwa kugawanya tu itambidi ajaribu namba tasa zote hadi kufikia kipeuo chake cha pili, karibu 65,536. Hizo ni namba 6,542.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 641 inaigawa bila baki, na jawabu ni 6,700,417. Baadaye akaeleza sababu, na hapo ndipo penye uhondo: kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Ukilishika sharti hilo, za kujaribu kwanza ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ya tano tu, kazi imekwisha!

Tuseme basi kwa usahihi: 641 ni kigawo cha 4,294,967,297, nayo 4,294,967,297 ni kigawe cha 641. Irabu moja ndiyo inayotenganisha kigawo cha KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) na kigawe cha KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), na mwalimu asichoke kuisisitiza.

Na neno tasa lenyewe? Asili yake ni kiumbe asiyezaa, na likielekezwa kwa mtu huumiza. Yupo atakayelipinga kwa hoja nzito: namba tasa ndizo zinazozaa nyingine, kwani kila namba nzima kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu. Hoja hiyo ni ya kweli upande wa kuzidisha. Fasili, hata hivyo, inatazama upande wa kugawanya: unaitafutia namba vigawo vingine, haikupi hata kimoja. Kwa hiyo naliona neno hili linafaa, na lidumu.

Walimu wa hisabati, wafundisheni wanafunzi pande zote mbili, kisha wapeni 4,294,967,297 waivunje hadi mwisho. Watafika 641 na 6,700,417, na hapo watakoma, kwa sababu zote mbili ni tasa.