Vigango: Wazee Waliouzwa Ng'ambo

Kwa Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda, mzee wa chama cha Gohu akifa, madai yake hayafi. Humjia mwanawe ndotoni akilalamika baridi, au mtoto wa boma huugua ugonjwa usioeleweka. Mganga akitazama, jibu ni moja: babu anataka kigango. Huitwa fundi, gogo gumu lisiloliwa na mchwa likachongwa ubapa, kichwa duara, kiwiliwili kimejaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa ncha ya kisu. Husimikwa, kikafungwa vitambaa shingoni na kumwagiwa tembo. Kuanzia hapo hakihamishwi, hata ukoo ukihama.

Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani, kuwalisha watu kiapo wasiwatii. Vigango vilisalimika. Pigo lake lilikuja miaka ya 1970 na 1980, tena bila kishindo: vilivyobaki peke yake kwenye mahame viling'olewa usiku, mara nyingi na vijana wa hukohuko, vikaishia kwenye maduka ya vinyago na kuvuka hadi Marekani. Uzuri wake ndio uliowaponza wazee hao. Mwaka 2003 watafiti Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze walichapisha hesabu yao: vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Mwaka 1985 Udvardy alikuwa amempiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu viliibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, akakiona kimoja kwenye slaidi za Giles. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote vilirudi, 2006 na 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki.

Picha ile, kwa maoni yangu, ilifanya kazi ambayo sheria peke yake isingeiweza. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30 mwaka 2019, lakini hivyo havikuwa na picha ya kuonyesha boma vilikotoka. Ndiyo maana vingi vilivyorejea vimeishia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya: wauzaji hawakuandika kijiji wala ukoo, na hakuna mwana anayeweza kummwagia tembo babu asiyejulikana ni wa nani.