Kutoka Ufuoni hadi Marikiti: Makadara na Majina ya Kisiwa cha Mvita

Historia ya Mombasa huandikwa zaidi kwa kufuata watawala: Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596, Mazrui, Masultani wa Unguja, na hatimaye Waingereza. Wavuvi na wachuuzi hawakuacha hati nyingi, waliacha maneno. Kwa hiyo, atakaye kujua jinsi ufuo wa wavuvi ulivyozaa mtaa wa maduka yaliyosongamana hana budi kuyasoma pia majina ya mahali.

Tabaka la kwanza ni la bahari. Upande wa mashariki wa kisiwa, penye Bandari ya Kale, maisha yalifuata bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Kilindini hutokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Mlango wa Papa, katika ufuo wa Mji wa Kale, hukumbusha samaki aliyetegewa jarife. Madema na nyuzio zilikuwa mali ya ufuoni, na samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, yaani ng'onda, alikuwa bidhaa ya majahazi. Hapa uvuvi na biashara havikuwa mambo mawili: aliyeleta samaki alikutana na aliyeleta tende na chumvi. Kutoka ufuo huo ilipanda Ndia Kuu, ambayo hadi leo imehifadhi matamshi ya Kimvita, ndia badala ya njia.

Tabaka la pili ni la askari. Baada ya utawala wa Mazrui kuanguka mwaka 1837, Seyyid Said aliweka Mabulushi kuilinda Ngome. Masimulizi ya wenyeji huwataja Mabulushi hao kuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Makadara, na hulihusisha jina lenyewe na neno la Kiarabu kadari, majaliwa ya Mungu. Hivyo nyuma ya mji wa bahari palianza kukaliwa na watu ambao riziki yao haikutoka majini.

Tabaka la tatu lililetwa na reli. Ujenzi wake ulianza mwaka 1896, na mwaka 1901 ilifika Ziwa Viktoria. Shehena kubwa ikahamia Kilindini, magharibi mwa kisiwa, ambako gati za maji ya kina zilifunguliwa mwaka 1926. Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi na wavuvi. Sehemu iliyo kati ya bandari hizi mbili ndiyo iliyofaidika. Mwaka 1914 lilijengwa soko lililopewa jina la Mackinnon, kando ya barabara iliyoitwa Salim, ambayo sasa ni Digo. Wenyeji hawakulijali sana jina la Mackinnon. Wao walitohoa neno la Kiingereza wakapata Marikiti. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maboya tangu mwaka 1931, likawarahisishia watu wa bara ya kaskazini kulifikia soko hilo.

Mkabala na Marikiti ukastawi Mtaa wa Biashara, jina ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuuza na kununua. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliufanya makao ya kanga, mojawapo ya nguo chache duniani zisizokamilika bila sentensi. Yafaa kukumbuka kwamba sehemu ya kati ya kanga huitwa mji, na maandishi yake huitwa jina.

Ikumbukwe, basi, kwamba maduka hayakuufukuza uvuvi. Yaliota juu ya njia ulizozifungua. Samaki wangali wanauzwa karibu na Bandari ya Kale. Kilichodhoofika ni kumbukumbu. Ngome iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na mawe yake yana walinzi. Majina hayana mlinzi ila midomo ya wasemaji. Kibao cha barabara hubadilishwa kwa siku moja, kama Salim ilivyokuwa Digo. Lakini likisahauliwa neno kama jarife, Mlango wa Papa utabaki mlango usiojulikana ulimwingiza nani. Kazi ya kuyakusanya majina hayo pamoja na maana zake ni ya wanaisimu kama ilivyo ya wanahistoria, nayo yapasa kufanywa wangali hai wanaoyatumia.